Uzi maalumu kwa wanaokuja Berlin: vya kuona, na vile vinavyotuhusu sisi wenyewe

Mkazi wa Wedding (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Majira ya joto yakikaribia napata ujumbe wa aina moja kutoka kila kona: "Nakuja Berlin kwenye semina, nina siku mbili tatu za bure, nione nini?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Bora niyaweke yote hapa, anayehitaji asome, na wenyeji wenzangu waongezee.

Msimamo wangu nautoa mapema. Brandenburger Tor, mabaki ya Ukuta, bunge lenye kuba la kioo, vyote vinastahili kuonwa. Lakini mtu aliyetoka Lindi, Songea, Moshi au Bagamoyo ana mambo yake katika mji huu, na mabasi ya watalii hayampitishi huko. Inaniuma mgeni wa kutoka Mtwara anaporudi nyumbani na picha tele za Checkpoint Charlie, kile kivuko cha zamani cha Ukuta, bila kukanyaga mtaa wa Invalidenstraße.

Basi tuanzie hapo. Panda treni ya U6, shuka kituo cha Naturkundemuseum, yaani makumbusho ya historia ya asilia. Ndani ya jumba hilo, katika ukumbi mkubwa wa mbele, amesimama Giraffatitan. Urefu wake ni mita 13.27, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayomfikia kwa kimo. Sogea kwenye mguu wake wa mbele. Mfupa mmoja tu, ule wa kutoka begani hadi kiwikoni, unazidi mita 2, yaani wewe mwenyewe ukisimama kando yake unabaki chini. Huyo mnyama katoka kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Alichimbwa na msafara wa mwaka 1909 hadi 1913.

Wakuu wa msafara walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na majina yao utayakuta kila mahali. Walioshika majembe ni mamia ya wenyeji wa kusini, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka kule porini hadi bandari ya Lindi juu ya vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, maana reli haikuwapo wala barabara ya gari. Na kumbukeni mwaka wenyewe. Vita ya Maji Maji ilikwisha 1907, kusini ilikuwa haijapona njaa iliyofuata. Watu waliotoka kwenye msiba ule ndio waliobeba mzigo huu. Boheti alikuja kukumbukwa mwaka 2007, dinosaria mwingine wa Tendaguru alipopewa jina la Australodocus bohetii. Mimi nikimpeleka mgeni pale namwambia kwanza habari za Boheti, ndipo apige picha.

Ukitoka hapo, siku hiyo hiyo, nenda katikati ya mji. Brandenburger Tor ilijengwa 1788 hadi 1791, na hapo huhitaji maelezo yangu, utaiona na utapiga picha kama kila mtu. Karibu yake kusini kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa barani Ulaya: nguzo za zege 2,711, zimetofautiana kimo, na ardhi ya chini inapanda na kushuka. Ingia katikati kabisa, usiishie pembeni. Hapo kati nguzo zinakupita urefu, sauti za magari zinafifia, na mwenzako aliyekuwa ubavuni humwoni tena. Tafadhali msipande juu ya nguzo kupiga picha. Nimeona watu wetu wakifanya hivyo, si heshima.

Sasa kutoka hapo tembea Wilhelmstraße kuelekea kusini, si mbali, hadi namba 92. Jumba la Bismarck lilikuwa mahali hapo. Ndani yake, kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, mataifa 14 yalikaa kwenye Mkutano wa Berlin kupanga mambo ya Afrika, na Mwafrika hata mmoja hakuwamo. Kesho yake tu, 27 Februari, Kaiser akaipa kampuni ya mkoloni Carl Peters hati ya ulinzi kwa ile mikataba aliyoipata Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Jumba lenyewe halipo tena. Utakuta maghorofa ya kawaida ya zama za Ujerumani Mashariki, watu wanaishi, baiskeli zimefungwa nje, na bango la kumbukumbu ambalo wapita njia wengi hawalitazami. Simama ulisome. Mimi naliona ndilo kituo kikubwa kuliko vyote kwa mtu wetu, japo hakuna cha kupiga picha ya kupendeza.

Siku ya pili anza Rosenthaler Platz, treni ya U8. Kwenye Brunnenstraße, mbele ya namba 193, inamisha macho chini. Kuna kibao kidogo cha shaba, sentimita 10 kwa 10, kimepachikwa kwenye mawe ya njia ya miguu. Ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani walimwandika Bayume Mohamed Husen. Kazaliwa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, na yeye mwenyewe akapelekwa vitani akiwa bado mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 akaja Berlin, akadai malipo ya baba yake na yake yaliyobaki. Hakulipwa. Akabaki hapa, akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu. Mwaka 1941 Wanazi wakamkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Kutoka kwenye kibao chake, panda na Brunnenstraße hiyo hiyo moja kwa moja utaikuta Bernauer Straße, na hapo ndipo mahali bora pa kuuelewa Ukuta. Ukuta ulianza kujengwa 13 Agosti 1961 na ukafunguliwa 9 Novemba 1989. Uliizunguka Berlin Magharibi yote, kilomita 155 hivi. Pale Bernauer Straße wamebakiza kipande kamili, ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma na ule uwanja wa mauti wa katikati, na picha za watu waliouawa wakijaribu kuvuka. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwenye Ukuta huu. Kuingia ni bure. Checkpoint Charlie ukiikosa hukukosa kitu, kibanda chenyewe ni cha kuigiza na barabara imejaa maduka ya zawadi.

Nitaishia hapo kwanza, maswali yaje.

Binti Pangani

Ahsante sana kaka, huu uzi nimeu-save. Mimi nakuja mwezi wa tisa. Lile kuba la bunge linahitaji nafasi mapema au nafika tu na pasipoti? Na tiketi za treni zikoje, maana nimesikia hakuna mageti, unaingia tu.

Mkazi wa Wedding

Karibu sana dada. Kuba la Reichstag, hilo jengo la bunge, ni bure lakini lazima ujiandikishe mapema kupitia tovuti ya Bundestag, yaani bunge lenyewe, na majina yalingane na pasipoti yako. Jiandikishe mara tu ukijua tarehe, nafasi za mwisho wa wiki zinakwisha haraka. Kuna ofisi yao karibu na jengo inayotoa nafasi zilizobaki, foleni yake ndefu. Ukishaingia, chukua kile kifaa cha maelezo cha masikioni, ukianza kupanda njia ya mzunguko kinakuelekeza kila jengo unaloliona nje. Ukitazama chini kupitia kioo unauona ukumbi wenyewe wa bunge. Norman Foster alilichora hivyo kwa makusudi, wananchi wawe juu ya wabunge wao.

Treni kweli hazina mageti. Lakini tiketi ya karatasi inabidi uigonge kwenye kile kimashine kilicho kwenye jukwaa kabla hujapanda, na wakaguzi huvaa nguo za kawaida. Faini ni euro 60 papo hapo, na kusema ulikuwa mgeni hakusaidii. Mji umegawanywa kanda A, B na C. Ndani ya mji AB inatosha. Uwanja wa ndege wa BER uko C, hapo ndipo wengi hukamatwa, wana tiketi ya AB wakidhani wamekamilika. Kama utazunguka sana chukua ya saa 24.

Na basi namba 100 lisikupite. Ni basi la kawaida kabisa, tiketi ile ile, linatoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz, na njiani linapita karibu na vivutio vingi vikubwa vya katikati. Kaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele.

Mchumi wa Ilala

Mkuu heshima yako, uzi umeshiba. Ila niseme ukweli. Mtu amejichanga, kapata viza kwa mbinde, kafika Ulaya, wewe unampeleka makaburini, kambini na kwenye bango la mkutano wa ukoloni. Likizo ni ya kupumzika. Mbona husemi pa kufurahia? Kuna mnara wa televisheni, kuna makasri, kuna maziwa. Mimi nilipokuja nilikwenda Potsdam na sikujuta.

Mkazi wa Wedding

Mchumi, hoja yako naipokea, na Potsdam umenikumbusha vyema. Panda S7 hadi mwisho (tiketi ya ABC), na kutoka kituoni endelea hadi bustani za Sanssouci, kasri alilojengewa Friedrich wa Pili kati ya 1745 na 1747. Ile bustani ya mizabibu inayoshuka kwa ngazi mbele ya kasri huhitaji kulipa kuitembea. Kaburi la mfalme liko juu pale pembeni, bamba la jiwe tu, na watu huweka viazi juu yake badala ya maua, kwa sababu ndiye aliyewahimiza wakulima wake kulima viazi. Nenda asubuhi, zunguka siku nzima.

Mnara wa televisheni pale Alexanderplatz una mita 368, ni jengo refu kuliko yote Ujerumani. Kwa maoni yangu kiingilio chake ni kikubwa mno kwa kile unachopata, na kuba la bunge ni bure. Kama unataka pumzi, nenda Tempelhofer Feld. Ulikuwa uwanja wa ndege, ulipokea ndege za chakula za Wamarekani mji ulipozingirwa na Wasovieti 1948 na 1949. Ulifungwa 2008, na mwaka 2014 wakazi wakapiga kura usijengwe nyumba. Leo watoto wanaendesha baiskeli kwenye njia za kurukia ndege, familia za Kituruki zinachoma nyama, jua likizama unaliona lote, hakuna ghorofa la kulikata.

Lakini hilo la kwanza sitakubaliana nawe. Simwambii mtu akae siku nzima akilia. Namwambia kwamba Mfaransa akija hapa anaonyeshwa alipopita Napoleon, Mrusi ana kumbukumbu yake kubwa Treptow yenye askari 7,000 waliozikwa, Mmarekani ana Tempelhof yake. Sisi tupite tu kama hatukuwahi kuhusika?

Mjukuu wa Ruvuma

Naunga mkono hoja ya mleta uzi kwa asilimia zote. Umemtaja Napoleon, niongeze hapo. Mwaka 1806 alizichukua zile sanamu za farasi wanne juu ya Brandenburger Tor akazipeleka Paris. Wajerumani hawakusema "ni za dunia nzima, zinatunzwa vizuri kule." Walizirudisha mwaka 1814 kwa shangwe. Basi nasi tukiuliza habari za mifupa ya Tendaguru tusionekane watu wa ajabu. Kule Lindi mtoto wa shule hajawahi kuuona hata mfupa mmoja wa mnyama aliyetoka kijiji cha jirani.

Na kubwa zaidi ni mafuvu ya watu wetu. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu takriban 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, mengi kutoka Rwanda, yaliyobaki kutoka Tanzania na machache Kenya. Kwa vipimo vya vinasaba wakapata ndugu walio hai wa mtu mmoja aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli, yule mtawala wa Wachagga aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Novemba ya mwaka huo huo Rais Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha. Mimi nilikuwa nyumbani wakati ule, na wazee walisema maneno ni mwanzo, sasa warudi watu wetu.

Mkazi wa Wedding

Mjukuu wa Ruvuma, umesema vizuri kuliko mimi. Ukija utanikuta, nitakupeleka Wedding, mtaa kwa mtaa.

Maana hilo sikuligusa. Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika, iko huko Wedding, kaskazini mwa mji, U6 hadi Afrikanische Straße au Rehberge. Mitaa inaitwa Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße, Togostraße. Majina ya kwanza yalitolewa 1899, wakati wa kujivunia makoloni, na Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama, alitaka kuweka hapo bustani ya kuonyesha wanyama pamoja na watu wa Afrika, vita ya 1914 ikamzuia. Kwa miaka mingi mmoja wa mitaa hiyo ulikuwa na jina la Carl Peters. Wanaharakati, wengi wao Waafrika na Wajerumani weusi, walipigania kwa miongo kadhaa. Desemba 2022 uwanja wa katikati ukawa Manga-Bell-Platz, kwa jina la mfalme wa Duala aliyenyongwa na Wajerumani 1914. Tarehe 23 Agosti 2024 Petersallee, ule mtaa wa Peters, ikafutwa, sehemu yake moja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanaharakati wa Namibia, na nyingine ni Maji-Maji-Allee.

Utaona nyumba za kawaida, miti, kina mama wanasukuma vigari vya watoto. Na juu ya nguzo, kibao cha mtaa: Maji-Maji-Allee. Vita iliyoua watu ambao baadhi ya wanahistoria wanawakadiria kufika 300,000, leo imeandikwa Berlin kwenye anwani za barua. Mimi hupita pale nikienda dukani na bado husimama.

Mama Nasra

Assalaam alaykum kaka. Tunakuja familia, watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Hayo ya mafuvu tutawasimulia wakikua. Watoto wapelekwe wapi? Na chakula cha halali kinapatikana bila tabu? Na hapo Museum Island, kile kisiwa cha makumbusho, kuna nini cha kukimbilia?

Mkazi wa Wedding

Waalaykum salaam dada, karibuni. Kwa watoto hao, dinosaria wa Tendaguru ndio wenyewe, wataruka kwa furaha, na ni wa kwao. Mle ndani kuna pia chumba cha kioo chenye chupa 276,000 za samaki, nyoka na mijusi waliohifadhiwa kwenye pombe, zinang'aa gizani. Yule wa miaka tisa hatataka kutoka. Kisha Technikmuseum, lenye ndege juu ya paa na mabehewa ya treni ya zamani ya kweli. Zoo ya mjini ni ya 1844, nzuri, ila watoto wa kwetu simba na twiga bora wawaone Mikumi.

Chakula msiwe na wasiwasi. Neukölln, hasa Sonnenallee, na Kreuzberg kuna migahawa ya Waarabu na Waturuki kila hatua, falafel, kuku wa kuchoma, wali. Vibanda vya soseji muwe waangalifu, currywurst ya kawaida ni nguruwe. Msikiti wa Şehitlik uko Columbiadamm, kando ya Tempelhofer Feld, ni mzuri kwa macho na wageni wanakaribishwa. Chupa za plastiki msizitupe, nyingi zina amana ya senti 25 kila moja, mnazirudisha dukani kwenye mashine. Watoto wakipewa kazi hiyo wanapata hela yao ya aiskrimu. Na Jumapili maduka yamefungwa, nunueni mahitaji Jumamosi.

Museum Island ina makumbusho makubwa matano. Pergamon imefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, kwa hiyo msimlipe mtu anayewauzia matembezi ya humo. Nendeni Neues Museum kumwona Nefertiti, aliyechimbwa Amarna mwaka 1912. Chumbani kwake picha haziruhusiwi, na ni afadhali, watu wanamtazama kwa macho yao. Jicho lake la kushoto halina mboni, waonyesheni watoto. Ng'ambo kuna Humboldt Forum, maonyesho ya kudumu ya Afrika ni bure, na humo mtaona sanamu za shaba za ufalme wa Benin ambazo tangu 2022 umiliki wake ni wa Nigeria na baadhi zimebaki kwa mkopo. Ule utaratibu wa kuingia bure Jumapili ya kwanza ya mwezi ulifutwa mwishoni mwa 2024, bado blogu nyingi zinautaja.

Binti Pangani

Kaka swali la mwisho. Semina yangu imesogezwa, sasa ni Desemba. Ratiba inabadilika?

Mkazi wa Wedding

Inabadilika dada. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na baridi inaingia mifupani. Ya nje yote yafanye asubuhi: Brunnenstraße na Bernauer Straße siku moja, Wilhelmstraße na Brandenburger Tor siku nyingine, Wedding kama muda upo. Mchana ingia ndani. Angalia siku: Naturkunde na makumbusho ya kisiwani hufungwa Jumatatu, Humboldt Forum Jumanne. Kuba la bunge liandikishie saa kumi na mbili jioni, lipo wazi hadi usiku, na mji wote utakuwa umewashwa taa. Viatu vizito, soksi mbili. Ukishapata tarehe nitumie PM, kama nina nafasi nitakupokea mwenyewe kituo cha Naturkundemuseum.